Aliyesimama Mbele ya Mwaguzi

Mudrik aliingia dukani kwa Shangazi Mwamina akitafuta nguo ya kumvika mfalme. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2005, na soko la Nachingwea lilikuwa limefurika. Wauza mihogo walikuwa wamechuchumaa nyuma ya mafungu yao, vijana wa mitumba walikuwa wakinadi juu ya marobota, na redio za vibanda vya jirani zilikuwa zikishindana kwa kelele. Zuhra alikuwa peke yake dukani, shangazi yake amekwenda msibani. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na mtandio mweupe ameuacha begani kwa sababu ya joto.

Kijana yule alitaka kitambaa chekundu, kirefu, cha kung'aa, lakini kisiwe cha harusi. Zuhra akamshushia gora baada ya gora. Mwisho Mudrik akajitanda moja mabegani, akainua kidevu, akageuka kuelekea sokoni ambako watu walishaanza kumtazama.

"Nafanana na mfalme?"

"Unafanana na bwana harusi aliyekimbiwa," Zuhra akajibu bila kucheka.

Muuza dagaa wa mlango wa pili ndiye aliyecheka, tena kwa nguvu. Mudrik akanunua kitambaa kilekile, akaondoka nacho begani. Kesho yake akarudi kusema kwamba hakikutosha. Keshokutwa yake akarudi kusema kwamba kimetosha. Kufikia mwisho wa wiki Zuhra alikuwa anajua kwamba ana kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na stendi, kwamba anaishi na mama yake mjane, na kwamba jioni huigiza kwenye kikundi cha Mwalimu Eustakio. Alijua pia kwamba akitabasamu, upande mmoja wa mdomo hutangulia.

Ni Mudrik aliyempeleka kikundini. Mwalimu Eustakio alikuwa ameipata tamthilia ya kale ya nchi za mbali, ya Kiingereza, kitabu chenyewe kimeliwa na mchwa mpaka jalada, akaitafsiri mwenyewe. Ilikuwa na Mfalme, Amiri wa jeshi lake, na mwanamke Mwaguzi. Mwaguzi anamwambia Amiri mbele ya baraza kwamba mvua za mwanzo hataziona. Mfalme anacheka, na baraza lote linacheka naye. Lakini watu wakishatawanyika, mfalme huyohuyo anamwita Mwaguzi kwa mlango wa nyuma na kumwuliza kama bado kuna la kufanya. Hofu inamwingia. Anaanza kumwona Amiri kama mtu aliyekwisha kufa, na kwa kuwa ni mfu, anamtuma mahali ambapo asingemtuma mtu aliye hai. Amiri anafia huko, na baada yake nchi nzima inateketea.

Mwalimu alipenda kuwauliza waigizaji wake nani hasa aliyemuua Amiri, mizimu au mfalme. Wengi walisema mfalme. Siku moja akawauliza pia ni nani kati yao anayeamini mambo ya uaguzi, na hakuna aliyeinua mkono. Fidelis, aliyeigiza Amiri, kijana mchekeshaji ambaye mji mzima ulimjua kwa kuchezea timu ya mpira ya mtaa, akasema yeye haamini kabisa, ila siku za mechi huwa anavaa hirizi kwenye soksi, asije akawakera wanaoamini. Wakacheka. Hata Mwalimu, aliyekuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, akacheka huku akishikashika rozari mfukoni.

Mudrik alikuwa Mfalme, na Zuhra akapewa nafasi ya Mwaguzi. Bibi yake mzaa mama, kule Nambilanje, alikuwa mwaguzi kweli, na jambo hilo Zuhra hakulificha wala hakulitangaza. Alikua akiona watu wakija alfajiri kwa njia ya mashambani, na wengine wao walikuwa wakimsema vibaya bibi huyohuyo mchana kisimani. Kwa hiyo alimwelewa mfalme wa ile tamthilia kuliko alivyomwelewa Mwaguzi. Alipoyasema maneno yake hakupiga kelele wala kutetemeka. Aliyasema taratibu, kama anamwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia shambani.

Mapenzi yao yalikua katika mazoezi hayo. Walirudi pamoja jioni, Mudrik akisukuma baiskeli, Zuhra akitembea upande wa pili ili watu wasiseme. Walipofika kwao, kila mmoja alijilaza na simu yake. Mudrik alikuwa na tabia ya kubipu mara mbili, maana yake amefika salama, na ya tatu kwamba amemkumbuka.

"Mbona umebipu mara nne?" Zuhra akampigia siku moja.

"Ya nne ni ya kukuuliza kama nimtume mshenga."

"Muulize Mwaguzi."

"Ndiye ninayemuuliza, malkia wangu."

"Mwaguzi anasema kwanza ujue kuvaa ile nguo nyekundu. Unaikanyaga."

Tamthilia ilichezwa mwezi wa nane, ukumbi umejaa hadi madirishani. Zuhra alivaa kaniki nyeusi na shanga za marehemu bibi yake. Alipomsogelea Fidelis na kumwambia, "Mvua za mwanzo hutaziona," akina mama waliokaa mbele waliacha kutafuna karanga. Wiki nzima baada ya hapo watoto walimwita Mwaguzi, naye akawaitikia.

Mwezi wa kumi, wakati wa kuokota korosho, Fidelis alikuwa shambani kwao akipekua majani chini ya mkorosho. Kifutu, nyoka mwenye sumu kali, alikuwa amelala humo, akamgonga mguuni. Walimfunga mguu, wakampakia kwenye pikipiki, lakini shamba lilikuwa mbali na njia ilikuwa mbaya. Alifia njiani. Mvua za mwanzo zilikuwa hazijanyesha.

Pale msibani hakuna aliyesema kitu. Watu walianza kusema baada ya arobaini. Wakasema yule hakuwa nyoka wa Mungu, alikuwa nyoka wa kutumwa. Wakakumbuka Nambilanje, wakakumbuka shanga. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekwishapimiwa kitenge dukani akakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni. Mwingine akamvuta mtoto wake upande wa pili wa njia. Siku moja Shangazi Mwamina alikuta mlango wa duka umepakwa majivu, akayafuta kwa maji na sabuni, kisha akaketi ndani akalia. Zuhra naye alimlilia Fidelis peke yake, maana kila alipolia mbele za watu, waliyatazama machozi yake kama wanakagua noti.

Mudrik alikuwa akija dukani kila siku, wazi, mchana, na kukaa kwenye benchi la mbele ili watu wamwone. Alikuwa akisema huo ni ujinga mtupu na utapita. Zuhra alimpenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Habari ya Matambarale aliletewa na Doreen, mwenzao wa kikundini. Huko Matambarale alikuwapo mganga aitwaye Twaha, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyoa watu walioshukiwa uchawi. Aliwanyoa nywele zote, akawapaka dawa kichwani, kisha akawatangaza mbele ya kijiji kwamba wametakata. Waliotoka hapo walikuwa hawasumbuliwi tena, lakini hakuna aliyesahau kwamba waliwahi kunyolewa. Doreen alisema Mudrik ameonekana huko na mama yake. Alisema wamekubaliana siku ya kumpeleka Zuhra.

Zuhra akaenda nyuma ya duka, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kibandani, mpenzi. Mbona sauti hivyo?"

"Ulikwenda Matambarale?"

Alisikia redio fulani ikikoroma mezani kwake.

"Nilikwenda," Mudrik akasema. "Mama alinisumbua sana. Zuhra, si mambo ya kwenye simu haya."

"Ulikubali ninyolewe?"

"Sikukubali."

"Ulikataa?"

Akasikia ile redio ikizimwa.

"Nilisema nitakuuliza."

Zuhra akakata simu. Kama Mudrik angekubali, Zuhra angemchukia na mambo yangekwisha. Lakini alikuwa amekaa mbele ya mganga yule, amesikiliza, na ameona kwamba ni jambo la kuulizwa. Mchana anakaa kwenye benchi na kuwaita watu wajinga, kisha anashika njia ya Matambarale. Alikuwa amemcheza mfalme vizuri kupita kiasi.

Mudrik alikuja jioni ile, akaambiwa na Shangazi Mwamina kwamba Zuhra ana homa. Akaja kesho yake, akaambiwa amesafiri. Safari hii ilikuwa kweli. Zuhra alikuwa amepanda gari kwenda Ruangwa kwa kaka yake Hasani, na njiani alikuwa ametoa laini kwenye simu na kuitupa dirishani.

Ruangwa alianza upya. Hasani alimtafutia meza sokoni, Shangazi akamtumia vitenge na khanga, naye akauza. Kulikuwa na watu wa kutoka Chinongwe, wa kutoka kila upande, na hakuna aliyemjua. Kijana mmoja mpima mashamba alianza kununua khanga zaidi ya wanawake aliokuwa nao maishani, lakini Zuhra hakumtia moyo. Mvua zilinyesha, mahindi yakakomaa, ufuta ukavunwa. Aliponunua laini mpya, vidole vyake vilikuwa bado vinaikumbuka namba ya Mudrik, na mara moja vilibonyeza mpaka tarakimu ya mwisho kabla hajavizuia.

Mwalimu Eustakio alimkuta mezani kwake mwezi wa tisa. Kikundi kilikuwa kimealikwa kucheza Ruangwa kwenye sherehe za wilaya. Wakati Zuhra hayupo, Doreen alikuwa amepewa nafasi ya Mwaguzi, na lile neno la mvua lilikuwa limeondolewa, likawekwa neno la kumtakia Amiri safari njema. Mwalimu alisema tangu hapo mchezo umekuwa kama uji bila chumvi. Kama mwaguzi hasemi neno, mfalme anaogopa nini?

Zuhra alimwambia atarudi kwa sharti moja, neno lisemwe lilivyoandikwa. Alisema amechoka kukimbia sentensi ambayo hakuitunga yeye.

"Hapo ndipo penye kazi," Mwalimu akasema. "Hakuna anayetaka kuambiwa. Tangu Fidelis, nguo ya Amiri imekaa sandukuni, anayemcheza huvaa shati lake mwenyewe."

Lakini aliondoka, na baada ya siku chache akampigia kumwambia Amiri amepatikana. Hakumwambia ni nani.

Siku ya mazoezi Zuhra aliingia ukumbini amevaa baibui jeusi na viatu vya kisigino kirefu, kwa sababu hakutaka yeyote wa Nachingwea adhani maisha yamemshinda. Aliyesimama katikati, katika koti la kijani la Amiri lililombana mabega, alikuwa Mudrik. Alikuwa amekonda. Ile nguo nyekundu alikuwa ameivaa kijana mwingine, aitwaye Linus, naye hakuikanyaga.

Wengine wakatoka nje kunywa maji ambayo walikuwa wamekwisha kunywa.

"Nani amekulazimisha?" Zuhra akauliza.

"Hakuna."

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Hasemi na mimi tangu juzi."

"Na wewe unataka kunithibitishia nini?"

Mudrik akashika kifungo cha koti lile kana kwamba kitamsaidia. "Sitaki kuthibitisha kitu. Nilipokuwa kwa yule mganga nilijiambia nafanya kwa ajili ya mama. Nikajiambia nafanya kwa ajili yako, watu wakuache. Yote hayo yalikuwa kweli kidogo. Lakini niliogopa pia, Zuhra. Nilimzika Fidelis kwa mikono yangu, na nilipotoka kaburini nilikuogopa. Nilikuwa naona haya kukwambia. Sasa nimekwambia."

Zuhra alikuwa ametayarisha maneno mengi kwa karibu mwaka mzima, akayaacha yote. Akamwambia anyooke mgongo, Amiri hasimami hivyo.

Walicheza Oktoba, mchana, uwanjani Ruangwa. Watu wa Nachingwea walikuwa wamekuja kwa malori, na wengi wao hawakuja kwa ajili ya mchezo. Mama yake Mudrik alikaa mstari wa mbele, khanga ameivuta mpaka machoni. Zuhra akamsogelea Mudrik katika kaniki yake. Alimtazama usoni, naye hakuinamisha macho, ingawa jasho lilimtiririka shingoni hadi kwenye kola ya lile koti.

"Mvua za mwanzo hutaziona," akasema, kwa sauti ileile ya kumwambia jirani habari ya mbuzi wake.

Linus alipaswa kucheka kicheko cha mfalme, akasahau. Ikabidi Mudrik mwenyewe aanze kucheka, Amiri akicheka ubashiri wake, jambo ambalo halikuwa kwenye maandishi ya mchezo. Watu wakapumua.

Baada ya pale walianza kupigiana simu tena, kwa tahadhari, kama watu wanaovuka daraja la miti. Walizungumza habari za bei ya khanga na redio zilizokufa. Hakuna aliyesema "mpenzi". Ila usiku mmoja simu ya Zuhra iliita ikakatika, mara tatu, naye akalala huku anatabasamu gizani.

Katikati ya Novemba aliyepiga hakuwa Mudrik.

"Mimi mama yake Mudrik."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko hospitali. Malaria imempanda kichwani, hajui hata jina langu. Njoo uyaondoe maneno yako."

Sauti ya yule mama haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Zuhra. Alimwambia kaka yake afunge meza, akapanda gari la kwanza kwenda Nachingwea. Njia nzima alitazama mbingu. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa kusini, mazito, na mvua haijashuka. Akajikuta anahesabu ni siku ngapi zimebaki, akajikemea, akaendelea kuhesabu. Alikuwa amewaona wagonjwa wengi wa malaria maishani mwake na alijua inavyoua na inavyopona. Elimu yote hiyo haikumfaa kitu. Alichokisikia kichwani ni sauti yake mwenyewe, tulivu, ikisema lile neno.

Wodini, Mudrik alikuwa amelazwa na chupa ya kwinini imening'inia juu yake. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yamefumbuka nusu na hayaoni. Muuguzi alimwambia Zuhra dawa inakwenda vizuri, wangoje. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni. Hakuinuka. Alimtazama tu Zuhra na kungoja.

Zuhra alijua kinachotakiwa kwake. Akilisema, atakuwa amekiri mbele ya mama huyu na mbele ya wodi nzima kwamba neno la kwanza lilikuwa na nguvu. Yale aliyoyakimbia, kunyolewa na kutakaswa, atakuwa ameyafanya kwa mdomo wake mwenyewe. Asiposema, na Mudrik akafa, mama yake ataishi na swali hilo mpaka kaburini, na yeye pia.

Akavua mtandio, akauloweka kwenye ndoo, akamfuta Mudrik uso. Kisha akainama sikioni pake, lakini akasema kwa sauti ambayo mama angeisikia.

"Mudrik. Mvua za mwanzo utaziona. Na za mwisho. Na za mwakani. Nimesema mimi Zuhra."

Yule mama akafunika uso kwa khanga akalia. Zuhra akaketi sakafuni kando yake, na kabla ya jioni walikuwa wamegawana muhogo mmoja wa kuchoma.

Homa ilishuka siku iliyofuata. Ilikuwa kwinini au yalikuwa maneno, kila mtu wodini alikuwa na lake, na muuguzi aliyebadilisha chupa hakuulizwa.

Alipoweza kukaa, Mudrik alimkuta Zuhra anamenya chungwa pembeni mwa kitanda. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji.

"Mama anasema ulinitengulia," akasema. Sauti ilikuwa bado nyembamba.

"Nilisema maneno."

"Uliamini?"

Zuhra aliendelea kumenya mpaka ganda likaisha.

"Siku ile ningeamini hata jiwe, kama ningeambiwa jiwe linaponya. Niliogopa, Mudrik. Njia nzima niliogopa mdomo wangu mwenyewe."

Mudrik hakusema kwamba sasa Zuhra anajua alivyokuwa yeye Matambarale. Hakukuwa na haja, maana Zuhra alikuwa anasema hilohilo. Akanyoosha mkono usiokuwa na sindano, akapokea kipande cha chungwa, na mkono wenyewe akauacha palepale.

"Nikitoka hapa nitamtuma mshenga kwa Hasani. Nakwambia mapema, usije ukasema sikukuuliza."

"Umekonda hivyo, watasema naolewa na mwanzi."

"Watasema tu. Unakubali?"

"Mtume. Lakini asije na mambo ya kubipu, aje na miguu yake."

Mvua zilianza Mudrik akiwa amesharudi nyumbani. Alikaa barazani na blanketi mabegani akizitazama, na mama yake alikuja akasimama nyuma yake. Walioana baada ya mavuno. Zuhra alivaa gauni jeupe aliloshona Shangazi Mwamina kwa macho yake mabovu, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, wala hakukubali lirekebishwe. Doreen alikuja na sufuria mpya na kuomba radhi kwa ile habari ya Matambarale. Zuhra alipokea vyote viwili.

Maneno ya mji hayakwisha mara moja. Wapo waliobaki wakimwogopa, na wapo waliomjia kwa mlango wa uani wakitaka wafanyiwe kama alivyofanyiwa Mudrik. Hao aliwapa maji ya kunywa na kuwaelekeza hospitali. Mama mkwe wake hakubadilika hata kidogo. Aliamini kwamba mkwewe ana mdomo, akisema jambo linakuwa, na kwa kuwa ni mdomo wa nyumbani kwake, akaufurahia. Mtu wa familia akisafiri, mama alimsimamisha mlangoni mpaka Zuhra aseme neno. Mwanzoni Zuhra alikuwa anakataa. Baadaye akaona ni jambo dogo, akawa anasema utafika salama, huku anaendelea kupepeta mchele.

Mudrik aliwacheka wote wawili. Kisha ikafika zamu yake ya kwenda Lindi kununua vipuri vya redio, na alfajiri ya safari alifunga begi lake, akatafuta kofia ambayo tayari alikuwa ameivaa, akakaza kamba za viatu, akazifungua, akazikaza tena.

"Gari litakuacha," Zuhra akasema kutoka jikoni.

"Najua."

"Unangoja nini?"

Zuhra akatoka akifuta mikono kwenye khanga, akamtazama vile alivyosimama kizingitini, akamwambia, "Utarudi." Ndipo mumewe akaondoka.